Kizito cha Kushoto

Ke-ke-ke-ke-ke. Ndivyo ilivyokuwa inakuja. Kila pikipiki ya Kewanja ilikuwa na sauti yake, nyingine zinakohoa, nyingine zimetoboka ekzosi zinaamsha mbwa, lakini ile moja nilikuwa naijua ikiwa bado juu kule kwenye kona, hata vumbi lake halijaonekana. Chuma kidogo kinagonga chuma kikubwa, haraka haraka, kama meno ya mtu mwenye homa. Nikiisikia tu naacha nilichoshika. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nikisema ukweli, moyo wangu nao ulikuwa unagonga hivyo hivyo.

Mwezi uliopita nimeisikia tena, kichwani tu, kwenye msiba wa Fundi Shija. Nilitoka Mugumu asubuhi na pikipiki yangu, nikavuka mto Mara, nikafika Kewanja watu wakiwa bado wanafunga turubai. Nikaenda kukaa nyuma na akina mama wanaomenya ndizi, maana mikono yangu haijui kukaa bure. Wawili waliokuwa jirani yangu walikuwa wageni kwangu, na mimi mgeni kwao. Mmoja akasema, "Alikuwa fundi mwema huyu baba. Ila yule binti wake wa kazi alimmaliza." Mwenzake akauliza binti gani. "Wewe hujui? Yule aliyeficha dhahabu kwenye grisi! Wanasema sasa ana gereji kule Mugumu, ukuta wa bluu. Haya niambie, ukuta wa bluu unatoka wapi?" Mwenzake akaguna ule mguno wa kusema hapo kweli. Mimi nikaendelea kumenya. Ule ukuta niliupaka mwenyewe, na rangi ilipoisha nikaacha upande wa nyuma na saruji yake, mpaka leo. Lakini nikajiona natazama vidole vyangu kama vya mtu mwingine, nikitafuta kama kuna kitu kinang'aa.

Baada ya chai, mwanaume mmoja mrefu alitoka upande wa wazee, akapita katikati ya majiko, akanipa kikombe cha maji. Maji matupu. "Kunywa, Bhoke," akasema. Alikuwa Chacha, mwenye ile pikipiki ya ke-ke-ke. Amenenepa, ana ng'ombe na watoto wawili huko kwao Itiryo, pikipiki aliuza zamani. Wale akina mama walitutazama kwa zamu, yeye kisha mimi, kikombe kisha sisi. Nikanywa yote. Wakati wa kuondoka nikamwambia nataka kuandika habari za mwaka ule, za kizito chake, lakini siwezi bila ruhusa yake. Akacheka. "Andika. Mambo yangu siku hizi nayasema mwenyewe, hata kanisani. Ila majina badilisha, wasije wakakutafuta walete tena ritongo, lile baraza lao." Majina nimebadilisha.

Nianze na chuma chenyewe, kwa wasiopanda pikipiki. Usukani ni bomba, ndani ni tupu. Kwenye ncha zake mbili, nje kidogo ya mipira ya kushikia, kuna vichuma viwili vya mviringo, vizito kuliko vinavyoonekana. Wengi wanadhani ni pambo. Injini ikizunguka inautetemesha usukani wote, na vile vichuma kwa uzito wake vinautuliza. Vitoe uone: ukiendesha kutoka Kewanja mpaka Mugumu, ukishuka huwezi hata kushika kikombe, vidole vimekufa ganzi. Sisi pale gereji tulikiita kizito. Kinashikwa na skrubu ndefu inayoingia ndani ya bomba, na mwisho wa skrubu kuna mpira mfupi wenye nati. Ukikaza, nati inauvuta mpira, mpira unavimba, unabana kuta za bomba. Mpira ukichoka, skrubu inazunguka tu bila kushika, na kizito kinaanza kugonga. Kukitengeneza ni kazi ya dakika kumi. Unakata kipande cha tyubu ya zamani, unauvisha ule mpira kama soksi, unarudisha, unakaza. Mwaka ule nilikitengeneza kizito kimoja, cha kushoto, cha pikipiki moja, mara nyingi kuliko vingine vyote nilivyovitengeneza maishani.

Nilifikaje gereji? Kidato cha nne kilinikataa, basi, siwezi kupamba. Nilikuja Kewanja kuosha vyombo kwa Mama Nyangi, aliyekuwa na mgahawa wa mabati kando ya barabara. Gereji ya Fundi Shija ilikuwa imeegemea ukuta ule ule wa bati, kiasi kwamba ukikaanga dagaa wateja wa pikipiki wanamezea mate, na petroli ikimwagika chai yetu inanuka petroli. Nikimaliza vyombo nilikuwa nasimama mlangoni kwa Fundi namtazama. Siku moja akasema bila kugeuka, "Binti, kama unatazama tu, nipe spana namba kumi." Nikampa namba kumi. Akageuka. "Nani kakufundisha namba?" Nikasema imeandikwa. Akacheka mpaka akakaa. Tangu siku ile asubuhi nilikuwa wa Mama Nyangi, na baada ya chakula cha mchana nilikuwa wa Fundi. Nilikuwa na ndoto zangu: gereji yangu, Mugumu, ukuta wa bluu, na siku ya mapumziko napanda pikipiki naenda kuwaona nyumbu, maana nimezaliwa jirani na mbuga na nyumbu nilikuwa nimewaona kwenye kalenda tu. Nilikuwa nayasema haya kwa kila mtu. Watu walikuwa wananiita Bluu.

Fundi Shija alikuwa Msukuma, alikuja kuchimba dhahabu na kundi la wenzake, wenzake wakahama au wakafa, yeye akabaki na spana. Alikuwa na masharti machache. Usipige chuma kwa hasira. Usimwambie mteja "nadhani." Na grisi ni kwa ncha ya kidole. Hilo la grisi lilikuwa kama dini. Kopo lake moja kubwa alilifunika kwa kitambaa na kamba, na mtu akichota kwa vidole viwili atasikia, "Unapaka pikipiki au unapaka mkate?" Jioni, mgodi mkubwa ukilipua baruti zake, ardhi ikitikisika na sahani za Mama Nyangi zikicheza rafuni, alikuwa anasimama kidogo, anatazama upande ule wa mgodi, kisha anarudi kwenye kazi. Sikuwahi kumwuliza anachowaza. Ningemwuliza.

Chumba changu kilikuwa nyuma ya mgahawa. Kitanda, ndoo, msumari wa kutundika gauni, na ukuta wa bati unaosikia kila kitu. Hapo ndipo nilipojifunza Kewanja, kwa sikio. Kewanja ilikuwa haizungumzii watu, ilikuwa inazungumzia walichobeba. Mtu akipita na begi jipya, watu wanauliza ndani kuna nini. Mtu akipita na begi la zamani, ndiyo zaidi: kwa nini halibadilishi? Nimewahi kumsikia mteja anasema kwa uhakika kabisa kwamba mchungaji mmoja ana Biblia nzito kupita kiasi. Mjamzito alikuwa anatazamwa tumbo mara mbili. Pale watu wametoka kila mkoa, kila mmoja amemfuata mwenzake kwa sababu ya vijiwe vya dhahabu vinavyotosha kufichwa chini ya ulimi, kwa hiyo hakuna kitu kilichokuwa kitupu. Na mimi, mcheshi hivyo, mwenye ndoto za bluu, niliyameza yote. Nilianza kutazama hivyo hivyo bila kujua kwamba nimeanza.

Chacha alikuwa dereva wa bodaboda kwenye kijiwe cha mbele ya mgahawa. Mara ya kwanza alipoleta kizito nilikikaza kwa dakika kumi, akanitania, "Bluu, umekaza au umekiombea?" Wiki haijaisha, ke-ke-ke, huyo anarudi. Nikafikiri nimekosea mimi. Nikabadilisha mpira wote. Siku tano baadaye, ke-ke-ke. Mara ya tatu, nilipokishika kizito mkononi, niliona kichwa cha skrubu. Nilikuwa nimekikaza kwa bisibisi ya nyota na kukiacha kizima. Sasa kilikuwa kimeparuzwa, mikwaruzo mipya inang'aa, ya kitu chembamba. Kisu. Mtu alikuwa anakifungua. Nikakaza, nikamrudishia, akasema asante kwa upole wake, na nikamtazama akiondoka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekifunika kile kizito kama unavyofunika kidonda.

Tangu hapo kila alichofanya kilinipa swali. Asubuhi alikuwa anakunywa chai kwa Mama Nyangi kama madereva wote, chai ya maziwa na mihogo, au chapati kama jana ilikuwa nzuri. Lakini akimaliza chai anaomba maji. Kikombe kimoja cha maji, anatoka nacho nje, anasimama nyuma ya pikipiki yake, anarudisha kikombe kitupu. Kila siku, saa mbili. "Nani anakunywa maji juu ya chai?" Mama Nyangi alikuwa anauliza hewa. Tena, kila wiki siku ile ile, alikuwa anavuka mto Mara kwenda upande wa Mugumu bila abiria. Dereva gani anachoma mafuta na siti tupu? Akiulizwa anasema anamsalimia dada yake. Na alikuwa halewi, hata siku za mbuzi, wenzake wakila nyama na kichuri, ule mchuzi mchungu, na kuagiza bia, yeye soda moja, na kabla giza halijakaa ameondoka. Mtu wa kawaida angesema ni kijana mwenye adabu. Mimi nilikuwa natazama ile ncha ya usukani. Nilikuwa nampenda, na nilikuwa simwamini, na vitu hivi viwili vilikuwa vinakaa kwenye benchi moja bila kugombana. Mchana kweupe, nikiwa nasugua sufuria, nilikuwa naota ananipakia tunaenda kuwaona nyumbu, kisha ndani ya ndoto ile ile polisi wanatusimamisha kwenye kizuizi, wanafungua kizito, na kinachomwagika ni cha njano.

Siku nilipokosea ilikuwa siku ya mvua. Hakuna wateja, Mama Nyangi anasonga ugali wa udaga, ule wa muhogo, mimi nachambua dagaa. Akaanza tena habari za maji juu ya chai. Na mimi, kwa kutaka tu kuonekana najua, nikasema, "Maji si kitu, mama. Kizito chake cha kushoto kinafunguliwa kwa kisu. Mimi nimeona." Mwiko ukasimama. "Kinafunguliwa na nani?" Nikasema sijui. "Ndani kuna nini?" Nikasema sijui, mimi naona alama tu. Hakuniuliza tena. Lakini baadaye, nikiwa chumbani nabadilisha gauni, nilimsikia kupitia bati akiongea na Fundi.

"Shija, usukani ni bomba?"

"Ni bomba."

"Lina nafasi ya kitu?"

"Hapa Kewanja bomba halikai tupu, mama. Kwani vipi?"

Nilisimama na gauni limeninasa kichwani, nikasikia maneno yangu yakisogea kutoka mdomo mmoja kwenda mwingine, na kila yakisogea yanaongezeka uzito.

Hayakupita majuma mawili, mchimbaji mmoja mgeni akatangaza amepotelewa. Punje ya dhahabu, kubwa kama harage, aliiweka kwenye kiberiti, na siku hiyo alikuwa amepanda bodaboda tatu. Mpaka leo hakuna aliyewahi kuiona hiyo punje hata kabla haijapotea, lakini siku ile ilikuwa inaonekana na kila mtu. Kijiwe kikachafuka. Abiria wakaanza kupanda za kijiwe cha chini. Mwenyekiti wa kijiwe, jina lake Mwita, akasema jina la kijiwe litasafishwa leo leo, kwa ritongo.

Kwetu Wakurya ritongo ni baraza la wazi. Watu wanakaa duara, anayeshukiwa anawekwa katikati, anaulizwa mbele ya wote, na aliyemtaja hatajwi. La kijiwe lilikuwa dogo, la vijana, waliliita ritongo la pikipiki na walikuwa wanacheka wakilitaja, lakini siku ile hawakucheka. Ilikuwa alasiri. Walikaa mbele ya gereji, juu ya matairi na mawe, kama watu ishirini. Katikati waliweka pikipiki ya Chacha, na Chacha kando yake. Mama Nyangi alisimama mlangoni na mwiko wake. Mimi nilikuwa ndani, kati ya maboksi, natamani bati linimeze, kwa sababu aliyemtaja hatajwi, na aliyemtaja nilikuwa mimi.

"Mura," Mwita akaanza, yaani kijana, "hatusemi umeiba. Tunasema bomba lako lina mambo."

"Mambo gani?"

"Kizito chako hakitulii. Cha mwenzako kinakaa miaka miwili. Chako kila wiki kwa fundi. Nani anakifungua?"

Chacha akakifunika kile kizito kwa kiganja.

"Na Mugumu unampelekea nani?"

"Dada yangu, nimeshasema."

"Dada yako hana shamba la kumpalilia? Kila wiki anataka kusalimiwa?" Mtu akacheka, akanyamaza mwenyewe. Mwita akasema, "Kifunguliwe. Kikiwa kitupu, sisi wenyewe tutakuomba radhi. Kikiwa na kitu, mura, unajua barabara ya Itiryo iko wapi. Ondoka na usiguse tena usukani hapa."

Watu wakadai Fundi afungue. Mwita akakataa. "Aliyekifunga ndiye akifungue. Bluu! Toka huko."

Nikatoka. Nilibeba bisibisi, tambara na kopo la grisi, mikono inahitaji kubeba kitu. Chacha alinitazama mara moja. Nimejaribu miaka yote hii kulieleza lile jicho. Halikuwa la mwizi wala la mtu aliyeonewa. Lilikuwa linasema: wewe, kumbe itakuwa wewe. Miaka mingi baadaye, nilipompigia simu kukiri kwamba ni mimi niliyesema habari za kisu, alicheka akaniambia, "Nilijua siku ile ile. Ni wewe peke yako uliyekuwa unakiangalia."

Nilipiga magoti, kopo katikati ya mapaja, mgongo wangu kwa wengi wao. Nikafungua skrubu. Kizito kikaja mkononi, nikakiweka chini. Nikavuta mpira, na mpira ukatoka na uzi. Uzi mweusi wa kushonea, umefungwa kwenye nati, unaingia ndani ya bomba. Nikasikia upande wa pili wa ule uzi kuna kitu kinasogea. Nikasema moyoni, ndiyo hiyo, kumbe ni kweli. Nikavuta polepole ndani ya kiganja, nikategemea njano.

Nikaona nyeupe. Nailoni nyembamba iliyosokotwa kama utambi, na ndani yake vidonge vimejipanga mstari, kimoja nyuma ya kingine, kama mbegu kwenye ganda la ukwaju. Nilivijua papo hapo. Hosteli tuliyolala shuleni, rafiki yangu wa kitanda cha chini alikuwa akivimeza kila siku ndani ya shuka, na mimi nilikuwa nasimama mlangoni nahakikisha hakuna anayeingia. Dawa za virusi. Kimoja kwa siku, saa ile ile, hukosi. Maji juu ya chai. Bia iliyokataliwa. Ng'ambo ya mto, kwa dada, mahali ambapo kopo kubwa la vidonge lingekaa bila wale madereva aliokaa nao chumba kimoja kulisoma. Vyote vilinijia kwa pamoja, na kila kimoja kilikuwa kimekaa mbele ya macho yangu mwaka mzima nikikisoma vibaya.

"Kuna nini?" Mwita akauliza.

Kewanja ile, wakati ule, dereva mwenye vile vidonge angepakia nani? Wangemwonea huruma kwa mdomo na kupanda pikipiki nyingine. Na wangempa jina. Nilikata uzi kwa ukucha. Nikasema, "Mpira umekwisha, na nati imeshika kutu." Nikasukuma mkono wote ndani ya kopo la grisi, mpaka kwenye kifundo, nikaacha nilichoshika kikazama huko chini, nikautoa mkono umevaa grisi kama glovu, na nati ikiwa katikati ya vidole. "Angalieni wenyewe bombani."

Wakaangalia. Mwita akamulika kwa tochi ya simu, akaingiza spoki ya baiskeli, akakoroga. Akageuza usukani, akaugonga kwa kiganja. Likatoka vumbi la mpira na mchwa mmoja aliyekufa.

"Mbona unatetemeka?" akaniuliza.

"Wewe zungukwa na wanaume ishirini usitetemeke."

Wakacheka, na nikadhani imekwisha. Lakini sauti moja nyuma ikasema, "Na mbona ameingiza mkono mzima kwenye grisi? Kwa nati moja?"

Kicheko kikakauka. Niliona macho yote yakihama kutoka kwa Chacha, yakaja kwangu, yakashuka kwenye kopo. Ninajua sasa kutazamwa hivyo kukoje. Ni kama kuvuliwa kiatu mbele ya watu. Mwita akapiga hatua kulifuata kopo. Hapo Fundi Shija, aliyekuwa amekaa juu ya tairi tangu mwanzo, akainuka, akaliinua kopo, akalifunika kwa kitambaa chake, akafunga kamba.

"Ndivyo nilivyomfundisha," akasema. "Nati ya kutu inapakwa na mkono mzima. Kuna mwingine anataka kunifundisha kazi?"

Hakuna aliyetaka. Mwita akasema pikipiki ilale gereji mpaka kesho, kwa usalama, na Chacha ataichukua asubuhi. Wakatawanyika kwa vikundi vidogo vidogo, wakiongea chini chini, na nilijua wanaongea nini. Kopo lilikuwa limekwenda rafuni, na jina langu limekwenda nalo.

Fundi alisubiri mpaka Mama Nyangi aingie ndani. Akakaa. Hakulitazama kopo.

"Miaka kumi na moja," akasema. "Nimeshuka mashimo ya kila aina. Sikupata hata ya kuziba jino. Wewe umeipata kwenye usukani. Sawa, ni bahati, watu wana bahati. Lakini hukuniambia, binti. Mimi nilikuwa hapa, hatua mbili."

"Si dhahabu, Fundi."

"Ni nini basi?"

Nilifungua mdomo. Alikuwa mtu mwema kuliko wote niliowajua pale. Alikuwa amedanganya kwa ajili yangu mbele ya watu, tena kuhusu grisi. Lakini bati lilikuwa pale pale, na nyuma ya bati alikuwa Mama Nyangi, na maneno yangu nilikuwa nimeshayaona yakitembea. Nikafunga mdomo.

"Basi ni dhahabu," akasema, akainuka. "Kesho nitachelewa. Nitakuja saa nne. Chukua kilicho chako. Spana zangu uziache." Kisha akiwa ameshatoka, akarudisha kichwa tu. "Na hiyo gereji yako ya bluu, usipige chuma kwa hasira."

Nilimwona tena mara mbili tu baada ya hapo, njiani, tukasalimiana shikamoo, marahaba, habari za kazi, nzuri. Kila mara nilisema moyoni siku nyingine nitamwambia, Chacha akikubali. Chacha alipokubali, Fundi alikuwa tayari chini ya turubai. Sijui kama yupo mahali anaposoma. Kama yupo, Fundi, kopo lilikuwa na dawa, na ulilifunika vizuri.

Asubuhi ile niliamka jua halijatoka vizuri. Mama Nyangi alikuwa ameenda kuchota maji. Nikaingia gereji peke yangu, nikashusha kopo, nikaingiza mkono, nikakipata. Nikaifuta nailoni kwa sabuni, nikaifungua, vidonge vilikuwa vikavu. Nikavisokota kwenye nailoni mpya, nikafunga uzi mpya kwenye nati. Nikakata kipande cha tyubu kipana kuliko ninachokata siku zote, nikauvisha mpira, nikajaribu, ukabana. Kisha nikakibana kile kichwa cha skrubu kilichoparuzwa kwenye jiriwa, nikachukua msumeno wa chuma, nikachana mfereji mmoja katikati yake, nikaupanua kwa tupa mpaka sarafu ya shilingi mia mbili ikaingia na kukaa. Hakuna haja ya kisu. Nikapaka grisi, ncha ya kidole. Nikasukuma vyote ndani, nikakaza kwa sarafu ile ile, nikaiacha sarafu juu ya tangi la mafuta. Nikashika usukani kwa mikono miwili, nikautikisa kwa nguvu zangu zote.

Kimya.

Saa mbili ilikuwa inakaribia. Nikafungasha gauni langu na ndoo yangu. Kabla ya kutoka nikaenda kwenye mtungi, nikachota kikombe kimoja cha maji, nikakifunika kwa kisahani vumbi lisiingie, nikakiweka juu ya siti ya pikipiki.